Rangi ya gari kati ya nta moja na nyingine: kwanza shughulikia vumbi

Ndugu, umeuliza kama unalazimika kupaka nta upya kila mwezi, kwa kuwa gari lako jeusi linalokwenda Luweero na kurudi Kampala limepoteza mng'ao muda mfupi tu baada ya kupakwa. Kwa uzoefu wangu wa magari yanayolala nje, usipake chochote kabla hujaliosha vizuri na kulimwagia maji safi. Maji yakijikusanya kuwa matone madogo ya mviringo na kuteleza, nta ingalipo na kilichofifisha rangi ni utando wa uchafu; yakitandaa na kutulia, imekwisha. Nta ya karnauba, itokanayo na mtende wa Brazil, hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache, na kwa jua letu hili la ikweta usitarajie zaidi.

Adui mkubwa ni vumbi jekundu la murramu, ule udongo wa barabara zisizo na lami. Ndani yake mna chembe ngumu za mchanga, na anayelifuta kwa kitambaa kikavu anazisugua chembe hizo juu ya rangi, ndipo inapotokea ile mikwaruzo ya duara inayoonekana juani, hasa kwenye gari jeusi. Askari wa getini anayekufutia gari kila asubuhi kwa tambara lake ana nia njema kabisa, lakini mwombe kwa heshima aache, hata kama bahashishi itaendelea.

Kwenye sehemu za kuoshea magari pana mambo mawili ya kuangalia. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa mafuta, na nta ni jamii ya mafuta, kwa hiyo huondoka nayo kidogo kidogo; tena sponji iliyotoka kusugua magurudumu ya teksi iliyokutangulia ndiyo itakayopita kwenye boneti yako. Mimi huenda na shampuu ya magari, glavu laini ya kuoshea na ndoo zangu mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia glavu, na vijana hawajawahi kukataa. Maji mengi yatangulie ili vumbi lidondoke lenyewe, kisha uoshe kuanzia juu kwenda chini, na magurudumu yawe ya mwisho kwa kitambaa chake. Fanya kazi hiyo kivulini, bodi ikiwa imepoa, na ukaushe kwa taulo ya maikrofaiba kwa kuilaza na kuivuta taratibu, kwani maji ya kisima yakijikaukia huacha madoa ya chokaa.

Kinyesi cha ndege hakisubiri siku ya kuosha. Wakazi wa Kampala wanawajua kaloli, wale korongo wakubwa wanaolala mitini, na anayeegesha chini ya mti wao amejitakia. Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya doa kwa dakika chache, kisha uliinue bila kusugua. Likiachwa juani hula rangi hadi alama isitoke kwa kuosha. Vivyo hivyo kwa wadudu wa ziwani wanaojaa mbele ya gari ukipita Entebbe au Jinja usiku: waondoe kesho yake asubuhi.

Baada ya kuosha unaweza kunyunyiza nta ya maji na kuifuta, ambayo huongezea nta ya chini uhai, ingawa haichukui nafasi yake. Udongo maalumu wa kusafishia rangi uuache hadi siku ya kupaka nta mpya, maana huondoa na iliyopo. Kujua kama unahitajika, vaa kaveera, yaani mfuko mwembamba wa plastiki, mkononi na upapase bodi iliyooshwa: ukihisi chembechembe, uchafu umejikita. Polishi ya kukwangua ndiyo ya kuiogopa zaidi, kwani vanishi ya juu, ile mafundi wanayoiita klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kila kusugua kunaupunguza.

Umetaja pia kwamba bampa la mbele limepakwa rangi upya gereji. Hilo lioshe tu kwa sasa, bila nta, kwa mwezi mmoja au miwili, ili vimiminika vilivyomo ndani ya rangi vipate kutoka kabla hujaifunika.