Maswali na Majibu: Senti ya Lincoln ya 1909

Swali: Nimepata senti ya Marekani ya 1909 yenye herufi V.D.B. kwa nyuma. Je, nimetajirika?

Jibu: Swali hili hunifikia kila mwezi, na kila mwezi muulizaji hajageuza sarafu yake. Tazama chini ya mwaka, upande wa kichwa: pasipokuwa na herufi S, senti yako ilitoka kiwanda cha sarafu cha Philadelphia pamoja na wenzake wapatao milioni 28. Za kiwanda cha San Francisco, zenye S na V.D.B., ni 484,000 tu.

Swali: Mbona ziliishia hapo?

Jibu: Senti hizo zilianza kutolewa tarehe 2 Agosti 1909, na baada ya siku chache tu serikali iliamuru herufi za mchongaji, Victor David Brenner, ziondolewe, kwa malalamiko kwamba zilionekana mno. Zilirudi mwaka 1918, zikiwa ndogo, kwenye ukingo wa bega la Lincoln.

Swali: Niisafishe kwa ndimu au kwa siki?

Jibu: Usiisafishe.

Swali: Muuzaji ananipa moja yenye S na V.D.B. kwa nusu ya bei, akisema aliirithi kwa babu yake. Niinunue?

Jibu: Babu hathibitishi sarafu. Walaghai huchukua senti ya Philadelphia wakaibandika S, au huchukua ya San Francisco isiyo na V.D.B. wakaiongezea herufi hizo, na kazi ya fundi hodari haionekani bila kioo cha kukuzia. Katika sarafu halisi S hukaa katika mojawapo ya nafasi nne zinazojulikana, na mstari wa katikati wa B umeinama kidogo. Ukiona mshono au rangi tofauti kuizunguka S, ondoka. Hata usipoona kitu, usilipe fedha nyingi kwa sarafu ambayo haijapimwa na PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu na kuzifunga katika vikasha vyenye cheti, na hakikisha namba ya cheti chake kwa kampuni yenyewe, kwa kuwa vikasha vyao navyo huigizwa.

Swali: Mbili zinazolingana kwa uchakavu zinawezaje kutofautiana bei?

Jibu: Kwa rangi. Asilimia 95 ya senti hii ni shaba, nayo hubadilika kutoka wekundu hadi kahawia. Iliyobaki nyekundu tangu 1909 hulipiwa zaidi sana. Wekundu wa kusugua si huo, na mnunuzi mzoefu huutambua mara moja. Aliyeuliza habari za ndimu asome hapa.