Simba wetu na simba wa Bwana Singh

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mguu wake umepata nafuu, na kila jioni anauliza meli yenu imefika wapi. Ujumbe wako wa Singapore niliupata, na picha ya lile sanamu la kichwa cha simba na mkia wa samaki pia. Umesema injinia wenu, Bwana Singh, amekwambia kuwa jina lake maana yake ni simba, na kwamba Singapore nayo ni "mji wa simba". Ukauliza: baba, kwani neno hili tulilichukua kwa Wahindi?

Hapana, mwanangu. Ila nakuelewa, maana hata mimi niliamini hivyo miaka mingi.

Nilipojifunza useremala hapa Mombasa, tajiri wangu alikuwa kalasinga. Akipima mbao, ile bangili yake ya chuma hugongagonga kwenye msumeno, na sisi vijana tukiisikia tu tunajua yuko karibu. Siku moja alichukua penseli iliyokuwa sikioni, akaandika jina lake juu ya ubao kwa maandishi ya kwao, akaweka kidole kwenye neno la mwisho. "Hii simba," akasema. "Sawasawa na yenu." Nikaona basi, ndiyo asili yake.

Kuhusu jina lake alikuwa sahihi kabisa. Singh imetoka kwenye simha ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, na tangu 1699, kiongozi wao wa dini Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya kidini ya makalasinga, wanaume wanaoingia humo hulichukua jina hilo. Wamalei nao walilipokea neno likawa singa, ndipo ikaja Singapura. Na sisi tuna kipande chake: ukisema kalasinga, Singh imo humo ndani.

Lakini simba wetu hakuja na jahazi. Maneno tuliyopokea kutoka Bara Hindi mara nyingi yalifuatana na kitu chenyewe: chapati, gari, bima. Simba alikuwa porini huku kabla ya mfanyabiashara yeyote kutia nanga, na jina lake halikukaa pwani peke yake. Wasukuma humwita shimba. Shuka kusini hadi kwa Wazulu utakuta insimba, ila kwao ni kanu, yule mnyama mdogo wa madoadoa, mkia wa pete pete, anayevizia kuku usiku. Washona wa Zimbabwe kanu huyo humwita tsimba. Iangalie ile n ya Kizulu. Kwetu ilidondoka mbele ya s, kama ilivyodondoka kwenye siku. Mzulu akihesabu siku bado anasema izinsuku. Neno lililoshuka forodhani juzi haliwezi kuwa na ndugu waliotawanyika hivyo bara zima, kila mmoja akifuata matamshi ya kwao. Tena sikiliza ile b. Usukumani ipo, Zimbabwe ipo, kwa Wazulu ipo. Kwenye simha haimo.

Hukohuko kwa Washona, neno simba lenyewe, herufi kwa herufi kama letu, maana yake ni nguvu. Ukikutana na mtu anayeitwa Simbarashe, jina lake ni "nguvu za Mungu". Simba wa mwituni wao ni shumba.

Utaniambia haiwezekani maneno mawili yafanane hivi, tena kwa mnyama yuleyule, bila undugu. Yawezekana. Australia, kule Queensland, kulikuwa na lugha ya Wambabaram. Mtaalamu wa lugha Dixon alipomuuliza mzee mmoja wa kwao neno la mbwa, alijibiwa: dog. Ungedhani ni Kiingereza. Kumbe majirani zao Wayidiny husema gudaga, na Wambabaram walikata mwanzo wake na mwisho wake, irabu ya katikati ikageuka, pakabaki dog. Mwingereza hakuhusika hata chembe.

Jambo hili naliweka moyoni kwa sababu nimesikia mara nyingi mno, hata kutoka kwa watu waliosoma, kwamba Kiswahili chote ni cha kuazima. Tumeazima mengi, na sioni aibu. Lakini simba ni wa kwetu, na mtu akitaka kumpa mwingine nitabishana naye mpaka asubuhi.

Tajiri wangu alikuwa na shujaa mmoja, Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally 1965 akiwa na nduguye Jaswant, kisha 1974 na 1976. Wakenya walimwita Simba wa Kenya. Mzee yule akilitaja jina hilo uso wake wote unachangamka: simba wa kwao na simba wa kwetu wamekutana juu ya mtu mmoja, ingawa hawana babu mmoja.

Sasa nawe nifanyie kazi. Bwana Singh akipumzika, muulize kwao Punjab mtoto akiona picha ya simba husema nini. Nadhani atakwambia sher, neno waliloazima kwa Waajemi, na Singh imebaki kwenye majina. Mwombe akuandikie yote mawili kwa maandishi yao, uyapige picha unitumie. Ule ubao wa tajiri wangu tuliukata siku ileile ukawa mguu wa meza, na sikuwahi kuyanakili.

Baba yako