Muulize Bibi Fundi: Umemleta mama, watoto umewaacha wapi?

Shikamoo Bibi Fundi. Mimi ni kijana wa Mombasa, huu mwaka wa pili niko Toronto kwenye kampuni ya bima. Bado tunatumia kompyuta kuu yenye mfumo endeshi z/OS, na data zetu zinakaa kwenye hifadhidata ya Db2. Juzi niliagizwa kunakili jedwali la WATEJA kutoka mfumo halisi kwenda mfumo wa majaribio. Nikapakua data kwenye faili kwa UNLOAD, nikapakia kwa LOAD REPLACE LOG NO, yaani futa ya zamani, weka mpya, bila kuandika kwenye logi (daftari la mabadiliko). Kazi ikaisha na kodi 4, yaani imekamilika ila ina onyo. Asubuhi wenzangu wanaojaribu programu wakanijia juu: jedwali la BIMA halisomeki kabisa, linatoa kosa -904, yaani data haipatikani. WATEJA wanasomeka, lakini ukitaka kubadilisha mstari, -904 ileile. Msimamizi wangu anasema niachane na UNLOAD, nitumie DSN1COPY, programu inayonakili faili za Db2 zenyewe, ni haraka zaidi. Nimsikilize?
Msomaji, Toronto

Marahaba mwanangu. Hiyo kodi 4 uliipita kama mtu anayempita jirani mlangoni bila kumsalimu, naye alikuwa na ujumbe wako. Andika amri -DISPLAY DATABASE ukiongeza RESTRICT ili ikuonyeshe vilivyozuiwa, utaona maeneo (sehemu ambamo Db2 huhifadhi majedwali) ya majedwali yako mawili yana maradhi mawili tofauti.

WATEJA wana alama ya COPY, yaani wanasubiri nakala rudufu. Ulipakia kwa LOG NO, kwa hiyo Db2 haina kumbukumbu ya data iliyoingia, na inakataa mabadiliko mpaka uchukue nakala rudufu. Kwenye mfumo halisi ningekuambia chukua nakala hata kama usiku umekwisha. Kwenye majaribio, ambako data ikipotea unapakia upya, ongeza NOCOPYPEND (usidai nakala) kwenye LOAD yako mara nyingine, yaishe.

BIMA wana alama ya CHKP, yaani wanasubiri kukaguliwa, na hapo ndipo penye kazi. WATEJA ni mzazi, BIMA ni mtoto. Ulipombadilisha mzazi mzima kwa REPLACE, Db2 ilishindwa kujua kama kila bima ya zamani bado ina mteja wake, ikafunga mlango wa mtoto. Unaweza kuendesha CHECK DATA, inayokagua kama kila mtoto ana mzazi. Lakini ukiiambia ifute mayatima, itafuta bima zote ambazo wateja wake wa majaribio uliwafuta wewe, na wenzako watakujia juu mara ya pili.

Dawa ni kuhamisha ukoo mzima: WATEJA, BIMA, MADAI na wengine wanaofungamana nao, wazazi wakitangulia kupakiwa. Na uwapakue kutoka wakati mmoja. Ukipakua WATEJA saa nne na dakika mbili huku watu wanafanya kazi, kisha BIMA saa nne na dakika tisa, katikati hapo mteja mpya amefungua bima: kwako bima ipo, mteja hayupo. Mimi nilikuwa naomba QUIESCE, amri ya kutuliza maandishi, kwa maeneo yote pamoja, nakala rudufu zichukuliwe hapohapo kabla mtu hajaandika tena, kisha napakua kutoka kwenye nakala hizo kwa kuongeza FROMCOPY kwenye UNLOAD. Wakati wa kupakua, wa mfumo halisi hawasikii hata kishindo.

Sasa msimamizi wako. Ni kweli DSN1COPY ina mbio, kwa sababu inanakili kurasa za faili moja kwa moja bila Db2 kujua chochote. Hapo ndipo inapokata. Ndani ya Db2 kila hifadhidata, kila eneo na kila jedwali lina namba yake, na namba za kwako si za kwao. Lazima uipe DSN1COPY jozi za namba hizo, DBID (ya hifadhidata), PSID (ya eneo) na OBID (ya jedwali), halisi na ya majaribio, kwa chaguo la OBIDXLAT. Lazima utumie chaguo la RESET, la sivyo kurasa zinakuja na alama za logi ya mfumo mwingine. Lazima usimamishe eneo kwanza, na ujenge upya faharasa baadaye. Na kama kule halisi waliwahi kuongeza safu kwa amri ya ALTER na kwenu jedwali liliumbwa upya nayo, sura ni moja lakini ndani si mamoja. Kwa jedwali la mistari mamilioni mengi, sawa, itumie. Kwa WATEJA wako, ungekuwa umeshamaliza na LOAD na kunywa chai.

Hujaniuliza hili, lakini nalisema. Nilikuwa kampuni moja Uingereza, jina nalimeza. Tulinakili wateja halisi kwenda majaribio bila kubadilisha hata herufi. Kijana mmoja akajaribu programu ya misiba, akaweka alama ya kufa kwa mistari arobaini hivi. Hakuna aliyekumbuka kwamba foleni ya kuchapa ilikuwa bado imeelekezwa kwenye mashine ya kweli. Mama mmoja akaandikiwa barua ya pole kwa kifo cha mumewe. Aliyefungua bahasha ni mumewe.

Kwa hiyo majina, simu, barua pepe na namba za vitambulisho vibadilishwe kabla data haijatoka upande wa halisi, si baada ya kufika. Ukibadilisha namba ya mteja, igeuke vilevile katika kila jedwali, vinginevyo umewatenganisha tena mama na watoto. Na ile safu ya maelezo ambapo makarani huandika wanachotaka, isome kwa macho yako. Nimekuta humo namba ya simu ya daktari wa mtu.

Bibi, nikivuta faili ya UNLOAD kwa FTP (njia ya kuhamisha faili kupitia mtandao) kuja kwenye kompyuta yangu kama maandishi, majina yanasomeka lakini salio zinakuwa takataka. Kwa nini?
Msomaji, Dar es Salaam

Kwa sababu kompyuta kuu inaandika herufi kwa mfumo wa EBCDIC, A yake ni baiti C1 (namba za heksadesimali), na yako inataka 41. FTP ya maandishi inatafsiri kila baiti bila kuuliza. Salio 12345 limefungashwa katika baiti tatu: 12, 34, 5C. Hiyo C ya mwisho ni alama ya jumlisha, lakini FTP inadhani 5C nzima ni kinyota, inaigeuza 2A. Pakua upya ukitumia DELIMITED na EBCDIC ili namba ziandikwe kama herufi, kisha vuta faili kama maandishi.