Gitaa la nyuzi 12 kwa bajeti ndogo

Ndugu, nimekuelewa: uko Kisumu, unataka gitaa la nyuzi 12 lenye sauti tamu bila kumaliza akiba. Usidanganywe na rangi. Kagua daraja kwanza, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi, maana nyuzi 12 huvuta kwa nguvu. Langu la kwanza, la mtumba, daraja lilibanduka baada ya miezi michache. Shingo itazame kwa jicho moja kama fundi anavyotazama ubao. Imepinda? Achana nalo. Uso wa mbao halisi, kama wa Yamaha FG820-12, hulia vizuri kuliko plaiwudi. Ukilinunua, legeza nyuzi toni moja nzima ili zisivute sana, kisha ubane kepo (kibano cha nyuzi zote shingoni) kwenye freti ya pili, yaani kijistari cha pili cha chuma, sauti irudi pale pale. Daraja likiinuka, mwone fundi wa magitaa, si seremala wa viti.