Malkia Taytu hakubaki ikulu

Ndugu, umeuliza kama mke wa mfalme wakati wa vita alikuwa na kazi zaidi ya kukaa ikulu na kuomba dua. Mtazame Taytu Betul, mke wa Menelik II wa Ethiopia. Italia ilipodai kuwa mkataba wa Wuchale wa 1889, kati yake na Ethiopia, umeiweka Ethiopia chini ya himaya yake, Taytu alikuwa mkali kuliko mumewe. Vita vilipoanza akatoka na askari wake mwenyewe.

Kule Mekelle, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, Januari 1896, Waitaliano walijifungia ngomeni na mashambulizi hayakuwatoa. Lakini chemchemi waliyoitegemea ilikuwa nje ya ukuta. Taytu akashauri ikamatwe. Ikakamatwa, kiu ikawabana waliokuwa ndani, mwishowe wakaiachia ngome. Kwenye vita vya Adwa, 1 Machi mwaka huohuo, ambako Ethiopia iliishinda Italia, alikuwepo pia, na wanawake wakiwapelekea wapiganaji maji (maji tena!).

Ila usidhani kila mke wa mfalme aliweza hayo. Taytu alitoka ukoo mkubwa wa kaskazini, alikuwa na ardhi na watu wake, na Menelik alijua hawezi kumpuuza.