Maswali Yenu: Mtihani wa Kuingia Chuo cha Optometria

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zinauliza habari za OAT (Optometry Admission Test), mtihani wa kuingilia vyuo vya optometria, yaani upimaji wa macho, vya Marekani. Tumechagua tano.

Mwanangu anamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Anataka kusomea upimaji wa macho. Kuna watu wametuambia lazima afanye OAT, na wanataka ada ya kumwandaa. Nilipe? – Mzazi, Uyole, Mbeya

Mzazi wetu, shikilia hela yako kwanza. OAT ni mtihani wa vyuo vya Marekani. Hapa nyumbani mtoto haingii optometria kwa mtihani huo, anaingia kwa matokeo yake ya kidato cha sita. KCMC kule Moshi wana shahada ya optometria. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na vigezo vya kila kozi vimo kwenye mwongozo unaotolewa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kila mwaka. Usome mwenyewe, usisimuliwe. Kama kuna ada ya tuisheni ya kulipa, iende kwenye fizikia, kemia na biolojia za mtihani wa Mei.

Hata akiwa na nia ya Marekani, wakati wake bado. Kule optometria ni miaka 4 ya masomo inayokuja baada ya chuo kikuu. Vyuo vingi vinataka mwombaji awe amesoma chuo kikuu angalau miaka 3, na wengi wanaochaguliwa wana shahada kamili. Akiufanya leo, atakutana na mambo ya kemia ya kaboni ambayo hajafundishwa.

Nipo Mkwawa, mwaka wa pili, nasomea ualimu wa sayansi: kemia na biolojia. Mtihani wenyewe ukoje, na nianzie wapi? – Mwanafunzi, Iringa

Mtihani hufanyika kwenye kompyuta, na maswali yote ni ya kuchagua jibu. Unaanza na sayansi asilia: maswali 100 kwa dakika 90, yaani biolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ya kaboni 30. Inafuata kusoma na kuelewa, maswali 50 kwa dakika 60. Hapo unapumzika dakika 30, kisha fizikia maswali 40 kwa dakika 50, na mwisho hesabu maswali 40 kwa dakika 45. Jumla ni maswali 230. Ukiongeza maelekezo ya mwanzo na mapumziko, utakaa kituoni kama saa 5. Alama za kila somo huanzia 200 hadi 400. Ukikosea hukatwi alama, kwa hiyo usiache swali hata moja wazi.

Wewe pengo lako kubwa ni fizikia. Uliiacha kidato cha sita, na lenzi na vioo vilibaki kidato cha tatu. Anza na hiyo, na uipe wiki 4 peke yake kabla hujagusa kingine. Mada za fizikia ni nyingi, kuanzia vekta na mwendo hadi joto, mawimbi, umeme tuli, saketi na mwanga. Usitumie mwezi mzima kwenye mwanga kwa sababu tu chuo ni cha macho, maana mwanga ni mada moja kati ya nyingi.

Kemia ya kaboni unayo, ila mtihani huu unauliza tofauti na tulivyozoea. Sisi tumezoea kutaja kitendanishi na kuandika mlinganyo. Hapa unapewa molekuli na kuulizwa njia ya mmenyuko: je, kundi la atomu linaondoka kwanza ndipo jingine liingie, au yote yanatokea kwa pamoja? Na kwa nini kaboni iliyozungukwa na makundi makubwa huzuia njia ya pili? Zoea kuchora molekuli kwa pande tatu (3D) na kutambua ipi ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Biolojia ni pana kuliko ilivyo ngumu. Pitia kila mada, usizame kwenye moja.

Jambo moja wengi hawalijui: zile dakika 90 za sayansi asilia ni mfuko mmoja, unazigawa mwenyewe. Tunashauri biolojia 25, kemia ya jumla 35, kemia ya kaboni 30. Swali la biolojia ama unalijua ama hulijui, kulitazama dakika 2 hakuongezi kitu. Chagua, liwekee alama ya kurudia, endelea.

Nina shahada, najiandaa peke yangu. Fizikia nikikaa saa mbili napata karibu yote, lakini kwa dakika 50 sifiki hata nusu. Ni kweli kalkuleta hairuhusiwi? – Mhitimu, Makambako

Ni kweli. Kalkuleta ipo kwenye sehemu ya hesabu tu, nayo ni ya skrini, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kwenye fizikia na kemia ni kichwa chako na ubao mdogo wa plastiki. Ugonjwa wako tunaujua: fizikia unaijua, kinachokuchelewesha ni desimali.

Chukua swali hili. Lenzi inayokusanya mwanga ina umbali wa fokasi wa sm 20. Kitu kiko sm 30 mbele yake. Taswira iko wapi? Tulivyozoeshwa, unageuza 1/20 kuwa 0.05 na 1/30 kuwa 0.0333, unatoa, unapata 0.0167, halafu unatakiwa kupindua 0.0167 kichwani. Hapo dakika 2 zimekwenda. Rudi kwenye KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya shule ya msingi. KDS ya 20 na 30 ni 60. Basi 3/60 toa 2/60 ni 1/60, na taswira iko sm 60. Ni sekunde 20, na ukuzaji umeupata bure: 60 kwa 30, mara 2.

Sasa tazama majibu ya kuchagua. Sm 12 haitakosa kuwemo, kwa sababu ndilo jibu la aliyejumlisha badala ya kutoa (5/60). Watunga maswali wanajua makosa yetu na wanayaandika kama majibu. Kinga yake ni kukagua kwa akili kabla ya kubofya: kitu kilicho kati ya fokasi moja na mbili, yaani kati ya sm 20 na 40, hutoa taswira nje ya fokasi mbili. Sm 12 haiwezekani. Lakini lenzi ingekuwa ya kutawanya mwanga, yenye fokasi ya hasi 20, ungepata -3/60 toa 2/60, na jibu lingekuwa hasi 12: taswira ya kuonekana tu, upande ule ule wa kitu. Alama moja ya hasi hubadilisha jibu zima, kwa hiyo iandike kabla ya namba yenyewe.

Nguvu ya lenzi kwa dayopta ni 100 gawanya kwa fokasi ya sentimita. Sm 20 ni +5. Ukigusanisha lenzi ya +5 na ya -3 unapata +2, yenye fokasi ya sm 50. Mtu asiyeona vizuri kitu kilichozidi sm 50 anahitaji lenzi ya -2. Hii ndiyo hesabu atakayoishi nayo mpima macho kila siku, kwa hiyo mazoezi haya hayapotei.

Kwenye kemia, log tebo haipo. Kariri mbili tu: log ya 2 ni 0.30, ya 3 ni 0.48. Ukiwa na ioni za haidrojeni 2×10⁻⁴, pH ni 4 toa 0.30, yaani 3.7. Log ya 6 utaipata kwa kujumlisha hizo mbili. Jedwali la elementi utapewa kwenye skrini, usipoteze jioni kukariri uzito wa atomu.

Kuhusu ule ubao: nenda steshenari, waombe walaminishe karatasi 2 za A4, nunua na kalamu ya maka yenye ncha nyembamba. Fanya mazoezi yote juu ya hizo. Wino wa maka unaweza kufutika kwa kiganja, na anayeandika kwa mkono wa kushoto anaweza kufuta kazi yake mwenyewe. Ni heri ulijue hilo Makambako kuliko ndani ya chumba cha mtihani. Jumamosi 3 za mwisho fanya mtihani mzima kuanzia saa 2 asubuhi, bila simu, ukipumzika mara moja tu. Umeme ukikatika endelea kwa maswali uliyochapisha.

Kusoma na kuelewa kunaniangusha, na Kiingereza changu si kibaya. Shida ni nini? – Njombe

Huenda shida ni kwamba unajua mno. Utapewa makala 3 za kisayansi, kila moja na dakika 20. Msomaji aliyesoma biolojia akikutana na makala ya malaria hujibu kutoka kichwani, wakati swali linauliza makala imesema nini. Jibu linaweza kuwa kweli kabisa duniani na bado likawa kosa, kwa sababu halimo kwenye makala. Kila unapochagua, uweze kuonyesha mstari kwa kidole. Ukisoma, andika ubaoni maneno mawili kwa kila aya, ili swali likija ujue urudi wapi. Na soma kwenye skrini, macho yachoke sasa yazoee.

Vyeti vyangu vina majina matatu, pasipoti ina mawili. Itanizuia? – Tukuyu

Inaweza kukuzuia mlangoni. Jina la usajili lazima lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Jisajili pasipoti ikiwa wazi mbele yako, si kwa kumbukumbu. Herufi l na r zikibadilishana, hilo ni jina jingine. Andaa vitambulisho 2 halisi ambavyo havijaisha muda. Kimoja kiwe cha serikali chenye picha na saini, kwa mfano pasipoti, na cha pili kiwe na saini yako, kama cha NIDA. Kama unataka majina matatu yatumike kote, rekebisha pasipoti kwanza ndipo uombe tarehe.

Kabla ya kulipa ada, fungua orodha ya vituo uone cha karibu kipo nchi gani, upange viza na nauli. Soma pia masharti ya kila chuo unachokitaka, maana vingine hupokea GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu Marekani, badala ya OAT. Siku yenyewe fika nusu saa kabla. Simu, saa ya mkononi na chakula hubaki kwenye kabati. Ukitoka nje ya mapumziko yaliyopangwa unaruhusiwa, ila muda wako unaendelea kuhesabika.