Gawio la kampuni za otomesheni: anzeni na fedha taslimu

Anayeanza kununua hisa kwa ajili ya gawio huwa na swali moja mbele ya yote: wanatoa asilimia ngapi? Kwa kampuni za otomesheni, yaani zile zinazotengeneza vidhibiti, sensa, valvu na programu za kuendeshea mitambo ya viwandani, swali hilo liwe la mwisho. Mimi kazi yangu ni vifaa hivyo, hapa Mtwara, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma hesabu za wanaovitengeneza. Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mafundi wenzangu, kwa sababu mna ujuzi ambao mtu wa ofisini anausoma tu kwenye ripoti: mnajua kifaa kinaishi vipi kiwandani baada ya kununuliwa.

Chukueni transmita ya shinikizo, yaani kifaa kinachopima shinikizo na kutuma kipimo chake, iliyofungwa kwenye bomba. Ndani ya kasha kuna kiwambo chembamba kinachosukumwa na gesi au maji. Msukumo huo hugeuzwa kuwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20, ukapita kwenye waya mpaka kwenye PLC, yaani kompyuta ndogo ya kudhibiti mitambo, na PLC ndiyo inayoamua valvu ifunguke kiasi gani. Transmita ikiharibika, hakuna anayehangaika kutafuta ya bei rahisi. Inatafutwa ileile, kwa sababu inaingia palepale, programu inaitambua, na fundi wa zamu ameshazoea kuirekebisha. Kubadili chapa ya PLC yenyewe ndiyo balaa kabisa: programu iandikwe upya, kila lupu (mzunguko wa kipimo na udhibiti) ijaribiwe, uzalishaji usimame. Sijaona meneja wa kiwanda anayelikubali hilo bila kubanwa.

Hapo ndipo nguvu ya gawio ilipo. Kampuni hizi zina mapato ya namna mbili. Kuna yale ya mradi mpya, na kuna yale ya mitambo iliyokwisha kufungwa: vipuri, matengenezo, leseni za programu zinazolipiwa kila mwaka. Ya kwanza huja kwa mafungu na hukatika. Sisi tumeyaona kwa macho. Mwaka 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote na mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba vilizinduliwa hapa mwaka mmoja. Kwa mradi wa namna hiyo, manunuzi makubwa ya vidhibiti hufanyika wakati wa ujenzi, kisha basi. Kinachoendelea ni vipuri na huduma. Na mradi ukichelewa, oda nayo inalala. Ule wa kusindika gesi kuwa kimiminika kule Lindi umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10, na muda wote huo hakuna anayenunua vidhibiti vya mtambo ambao haujajengwa. Kwa hiyo mkifungua ripoti ya mwaka, tafuteni kwanza sehemu ya mapato inayojirudia. Rockwell Automation ya Milwaukee, Marekani, huitaja kando. Kampuni isiyoitenganisha, someni maelezo yake ya huduma na programu mpate picha.

Sasa nieleze jambo ambalo ningependa kila mgeni alishike vizuri, nalo ni namna gawio linavyoonekana salama kwenye faida huku likiwa limebanwa kwenye fedha.

Mnakumbuka uhaba wa chipu wa 2021 na 2022. Moduli iliyokuwa ikifika kwa wiki chache ikawa inasubiriwa miezi. Watunza stoo, kwa hofu, wakaagiza kuliko mahitaji. Waliouza rejareja na waliojenga mashine duniani kote wakafanya hivyohivyo. Mizigo ilipofika, rafu zikajaa, na oda mpya zikakauka mpaka akiba ile iishe. Aliyekuwa akisimama stoo aliliona jambo hili kabla halijaandikwa kwenye ripoti yoyote.

Kwa Rockwell lilijitokeza katika mwaka wa fedha wa 2024. Mauzo yalishuka kutoka dola bilioni 9.06 hadi bilioni 8.26. Faida kwa hisa ilitoka dola 11.95 ikafika 8.28, na gawio la mwaka lilikuwa dola 5.00. Ukigawa 5.00 kwa 8.28 unapata kama asilimia 60, na mgeni atasema hapo pana nafasi ya kutosha. Lakini gawio hulipwa kwa fedha zilizopo, na faida ya kwenye karatasi inaweza kuwa imekaa kwenye bidhaa ambazo hazijauzwa au kwenye ankara ambazo wateja hawajalipa. Basi hesabuni tena kwa fedha: chukueni fedha zilizotokana na uendeshaji, toeni zilizotumika kununua mitambo na majengo. Kwa mwaka ule zilibaki dola milioni 639, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa zaidi ya bilioni 1.2. Gawio lilichukua karibu milioni 570. Hiyo ni karibu asilimia 90, siyo 60.

Na bado kampuni ilitumia zaidi ya dola milioni 500 kununua hisa zake yenyewe sokoni. Jumlisheni mwone: kilichokwenda kwa wanahisa kilizidi kilichoingia. Je, gawio lilikuwa hatarini? Kwa maoni yangu, hapana. Ununuzi wa hisa unaweza kusimamishwa hata kesho, na mwaka uliofuata fedha zilipanda tena kupita bilioni 1 huku gawio likiwa limeongezwa. Ila msipime kampuni ya sekta hii kwa mwaka wake mzuri. Utafuteni ule mbaya ndani ya miaka mitano au kumi, mwone kama gawio lililipwa kwa jasho la biashara au kwa mkopo. Mwaka mmoja wa kubanwa unavumilika, lakini mitatu mfululizo mimi siinunui.

Kuna wanaotafuta historia ndefu tu. Emerson Electric ya St. Louis imeongeza gawio kila mwaka kwa zaidi ya miaka 60, na ni sifa ya kuheshimiwa. Lakini tazameni ukubwa wa nyongeza: dola 2.08 kwa mwaka wa fedha wa 2023, 2.10 kwa 2024, 2.11 kwa 2025. Nyongeza haikufika hata asilimia moja kila mara, wakati bei za vitu Marekani mwaka 2024 zilipanda kwa karibu asilimia 3. Rekodi imelindwa, lakini uwezo wa kununua wa gawio lile umepungua. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni ilikuwa inajibadilisha: iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya vifaa vya kupooza hewa na majokofu, na mwaka 2023 ikainunua National Instruments kwa dola bilioni 8.2. Anayenunua leo ananunua kampuni ya otomesheni. Ile miaka 60 kwa kiasi kikubwa ilijengwa na biashara nyingine.

Fanuc ya Japani, watengenezaji wa roboti na vidhibiti vya mashine, wao sera yao ni kugawa asilimia 60 ya faida. Faida ikishuka, gawio linashuka nalo. Mimi sioni ubaya, mradi ujue ulichonunua. Mwenye kutegemea gawio kulipia ada ya shule Januari, hiyo haimfai.

Kuhusu asilimia sasa. Tuseme hisa inauzwa dola 250 na gawio ni dola 5: hiyo ni asilimia 2. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi, hivyo gawio la huko hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Inabaki 1.4. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5 tu, na hati fungani za serikali za muda mrefu kwa miaka mingi zimelipa zaidi ya asilimia 10, kwa shilingi. Asiyekuwa na sababu ya kushika dola, mimi humshauri aanzie nyumbani. Na anayetaka kwenda nje aulize kwanza benki yake au Benki Kuu: sheria ya fedha za kigeni ina masharti kwa mkazi anayewekeza nje ya nchi, na dalali wa mtandaoni hatakukumbusha.

Rockwell na Emerson hufunga mwaka Septemba 30, na matokeo yao hutoka Novemba, wakati minada ya korosho imepamba moto na fedha zipo mikononi. Kabla ya kutoa hata senti, chukueni ripoti ya 2024 ya Rockwell, mfungue jedwali la mtiririko wa fedha, mkokotoe wenyewe ile asilimia 90. Mkiipata, rudieni kwa 2020 hadi 2023, kisha kwa kampuni mnayoitaka.